Deni Lisomeke: Hoja Juu ya Lugha ya Hatifungani



Naandika kudai jambo moja. Deni lolote linalokopwa kwa jina la umma wa nchi zetu liandikwe, lisomwe na lijadiliwe kwa Kiswahili kabla halijatiwa saini. Sidai Kiswahili kipewe heshima ya jalada, wala kitengewe ukurasa wa shukrani mwishoni. Nadai kiwe lugha ya masharti yenyewe: kiasi gani, riba gani, hadi lini, nani analipa, na asipolipa kunatokea nini. Wanaolipinga dai hili wako pande mbili. Upande mmoja wako mawakili wa fedha za umma, watu ninaowaheshimu. Upande wa pili tuko sisi wenyewe, tunaokesha tukipimiana mizani na vina. Nitazijibu pande zote mbili.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kongamano la siku mbili la mawakili wa fedha za umma na hatifungani za serikali za mitaa. Mimi si mwanasheria. Nilitoka chuo cha ualimu kijana, nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 32, nikastaafu. Waandaaji walihitaji mtu wa kuwafasiria madiwani wachache waliotoka katika halmashauri zinazofikiria kukopa kwa njia hiyo, na wa kuwaandikia muhtasari wa kurasa nne. Waandaaji sitawataja, wala ukumbi, kwa kuwa hoja yangu haimlengi mtu. Niliyoyaona pale yangeweza kuonekana katika kongamano lolote la aina hiyo mjini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni, nilieleze kama nilivyowaeleza madiwani. Mji unahitaji maji, soko, au stendi ya mabasi. Fedha haupati kutoka makusanyo ya mwaka mmoja, na benki inataka ilipwe upesi mno. Basi mji, au mamlaka yake ya maji, unaandika hati nyingi za deni na kuziuza kwa wenye akiba: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, mabenki, hata mwalimu mstaafu mwenye vijisenti vyake. Kila hati inaahidi riba kwa vipindi maalumu, na mtaji kurudishwa ifikapo siku iliyotajwa. Hiyo ndiyo hatifungani. Wakili wa hatifungani ni yule anayesoma sheria, maazimio ya baraza na mikataba, kisha anatoa maoni yaliyoandikwa kwamba mkopaji ana mamlaka ya kukopa na deni ni halali. Bila karatasi yake mwenye fedha hafungui mkoba.

Ni kazi kubwa, na ina historia. Huko Marekani, ambako soko la hatifungani za majimbo na miji sasa lina thamani ya takriban dola trilioni 4, fani hii ilikua kwa sababu ya vilio vya karne ya 19. Miji ilikopa ili kuvuta reli ipite kwao. Reli nyingine zikachelewa, nyingine hazikufika kabisa, na miji ikakimbilia mahakamani ikisema haikuwa na mamlaka ya kukopa tangu mwanzo. Mji wa Dubuque, jimboni Iowa, ulikuwa miongoni mwao. Mahakama ya jimbo iliibadili sheria iliyokuwa imeitangaza zamani, ikawa upande wa wadaiwa; lakini mwaka 1864, katika kesi ya Gelpcke dhidi ya Dubuque, Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba walionunua hati kwa kuamini sheria ya wakati ule walindwe. Wenye fedha wakajifunza kuuliza maswali kwanza na kununua baadaye. Mawakili wa fani hiyo wana chama chao cha kitaifa tangu mwaka 1979, nao hukutana kufundishana. Kongamano nililohudhuria lilikuwa mtoto wa desturi hiyo.

Sasa nieleze lugha ilivyogawanywa mle ukumbini. Kiswahili kiliitwa kuomba dua ya ufunguzi. Kiliitwa kuwashukuru wafadhili, kutangaza kwamba chakula ki tayari, na kutuchekesha baada ya chakula ili tusisinzie. Mamlaka ya kukopa, mapato yaliyowekwa rehani, wajibu wa kutoa taarifa na kushindwa kulipa, hayo yote yalisemwa kwa Kiingereza, na Waswahili watupu wakiwaambia Waswahili wenzao. Kijana mmoja wakili, aliyeniamkia kwa adabu na kuniita Mwalimu, aliniambia wakati wa chai kwamba yeye mwenyewe humweleza mama yake kazi anayoifanya kwa Kiswahili bila shida. Nilimuuliza kwa nini basi hakufanya hivyo jukwaani. Akacheka, akasema, "Mwalimu, jukwaani ni kazini."

Siku ya pili diwani mmoja, mama wa makamo kutoka halmashauri ya wilaya, alinyanyua mkono. Aliuliza kwa Kiswahili safi swali ambalo mtu angelitarajia liwe la kwanza kuulizwa siku zote mbili: "Tukishindwa kulipa, wanachukua nini?" Alijibiwa kwa Kiingereza, kwa heshima na kwa kirefu. Alitajiwa ibara, akatajiwa akaunti maalumu, akatajiwa msimamizi wa wenye hati. Mimi nilikuwa nimeinama sikioni mwake. Maelezo yote yale, kwa mujibu wa rasimu tuliyogawiwa, niliyafasiri hivi: "Mheshimiwa Diwani, hawachukui bomba. Mnakuwa mmeahidi kupandisha bei ya maji mpaka deni lilipike." Alinitazama kidogo, kisha akaandika sentensi hiyo katika daftari lake na kuipigia mstari.

Sharti hilo si la kubuni wala si uovu. Ni la kawaida katika hatifungani zinazolipwa kwa mapato ya huduma: mkopaji huahidi kupanga bei itakayotosha kuendesha huduma na kulipa deni. Lakini tazameni linavyofika nyumbani kwa mtu. Kaunti ya Jefferson, katika jimbo la Alabama, ilikopa kujenga upya mifumo yake ya majitaka, na deni la majitaka peke yake likazidi dola bilioni 3. Rushwa, mikataba migumu ya riba na mtikisiko wa mwaka 2008 viliongezeka juu yake, na Novemba 2011 kaunti ile ikaomba ulinzi wa mufilisi. Ankara za majitaka zilikuwa zimekwisha kupanda mara nyingi, na walioumia zaidi ni maskini ambao hawakupata kuiona hati hata moja. Wale walikuwa na faida moja juu yetu, kwamba hati zao ziliandikwa kwa lugha yao. Kama mzungumzaji wa Kiingereza wa Alabama anaweza kupotelea ndani ya Kiingereza, mama wa Korogwe atapotelea wapi?

Ninajua visingizio, kwa kuwa nilivisikia vyote wakati wa chai. Viko vitatu.

Cha kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha. Anayesema hivi hajui lugha yake ilikulia wapi. Ilikulia dukani na forodhani. Neno hundi tulilichukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi, pamoja na desturi yenyewe ya kulipana kwa waraka badala ya kubeba fedha baharini. Rehani, dhamana, karadha, arubuni, hawala, riba na deni vilitujia kwa Kiarabu. Kukopa na kulipa ni vyetu vya Kibantu tangu hapo. Mdai, mdaiwa na mdhamini tumevifinyanga wenyewe kwa viambishi vyetu, na kila mmoja amekaa mahali pake bila kuchanganyika na mwenzake. Katika karne ya 19 Taria Topan wa Zanzibar alimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara mikubwa ya bara, misafara ya pembe na, kwa aibu ya historia yetu, ya watu pia. Tippu Tip alipokuja kusimulia maisha yake, aliyasimulia kwa Kiswahili, na madeni yake yamo mle. Lugha iliyoweza kubeba mkopo wa msafara wa miaka mingi, hadi nchi za Kongo, inashindwaje na mkopo wa bomba la maji?

Cha pili ni kwamba sheria yataka uyakini, na uyakini uko katika Kiingereza. Nawaomba mawakili waangalie kwao. Huko Washington, mamlaka moja ya umeme iliyojulikana kwa kifupi WPPSS ilikopa dola bilioni 2.25 kujenga vinu viwili vya nyuklia ambavyo havikumalizika. Mawakili wa Kiingereza fasaha walitoa maoni kwamba mikataba ilikuwa halali. Mwaka 1983 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba miji na mashirika ya umeme yaliyoahidi kulipa hayakuwa na mamlaka ya kuahidi, na deni lote likaanguka. Uyakini hauko katika lugha fulani. Uko katika kufikiri, na kufikiri hujulikana pale mtu anapotakiwa kusema jambo lake waziwazi.

Wamarekani wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 1998 tume yao ya hisa na mitaji iliyataka makampuni yaandike sehemu muhimu za nyaraka zao za kuuza hisa kwa Kiingereza cha kawaida: sentensi fupi, maneno ya kila siku, pasiwe na lugha ya kisheria isiyo ya lazima. Ilitoa na kitabu cha mwongozo. Dibaji yake iliandikwa na Warren Buffett, tajiri ambaye hakuna atakayemwita mjinga wa fedha, naye alieleza humo kwamba anapoandika huwaza anazungumza na dada zake: watu wenye akili, lakini si wataalamu wa hesabu. Basi ikiwa wenye Kiingereza walilazimika kukifasiri Kiingereza kwa Kiingereza, sisi tunamwogopa nani kukifasiri kwa Kiswahili?

Na kwa Tanzania hoja hii ilikwisha kufungwa na sheria. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku ikiacha mlango wa Kiingereza pale panapohitajika. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na Katiba hiyohiyo, ibara ya 212, inasema serikali ya kaunti itakopa tu ikiwa serikali ya taifa imedhamini mkopo na bunge la kaunti limeidhinisha. Bunge la kaunti ni watu waliochaguliwa na majirani zao. Idhini isiyoeleweka ni idhini ya namna gani?

Kisingizio cha tatu ni kwamba wanunuzi ni wageni. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Iliombwa kupita kiasi kilichotakiwa, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia. Tazameni lakini kwamba ilikopwa kwa shilingi, kwa ajili ya maji ya Tanga, na kuuzwa katika soko la Dar es Salaam. Mgeni karibu, apewe nakala yake ya Kiingereza, naye aheshimiwe. Ila mwenyeji asiwe mgeni katika deni lake mwenyewe.

Kuna jimbo la Canada linaloitwa Québec, ambako sheria ya hisa na mitaji inataka waraka wa kuuza hati kwa umma uwe kwa Kifaransa, au kwa Kifaransa pamoja na Kiingereza. Makampuni makubwa yakitaka akiba za watu wa Québec hulipa wafasiri. Na anayehofia kwamba nakala mbili zitapingana, atazame Umoja wa Ulaya, ambao sheria zake hutoka katika lugha 24, zote zikiwa na nguvu sawa, na mahakama yao huamua panapotokea mgongano. Ni kazi na ni gharama, lakini wakili, benki na mkaguzi wote hulipwa kutokana na fedha zilezile za mkopo. Mfasiri hatakuwa ndiye aliyeufilisi mji.

Nimemaliza na mawakili. Sasa nigeuke nyumbani.

Washairi wenzangu, sisi tuna sehemu yetu katika aibu hii. Tumeacha fedha zizungumzwe na wengine, tukabaki na mapenzi, misiba na sifa za viongozi. Tunagombana juu ya asili ya neno moja la mahaba mwezi mzima, na wakati huohuo maneno yatakayowafunga wajukuu wetu yanapitishwa bila mtu kuyapima. Nilipokaa kuandika muhtasari wangu wa kurasa nne, sikukosa maneno. Nilikuta yapo mengi na yanavutana, na mengine yanadanganya. Nitataja manne.

La kwanza ni dhamana. Katika matangazo mengi tunasoma "dhamana za Serikali", maana yake hati za mkopo wa Serikali. Lakini dhamana kwa Mswahili yeyote ni jambo la kumsimamia mwingine: ukimwekea mtu dhamana mahakamani, akitoroka utawajibika wewe. Sasa mji mdogo ukiuza hati zake na hati hizo zikaitwa dhamana, mnunuzi atadhani kuna mtu mkubwa nyuma yake aliyejifunga kulipa mji ukishindwa. Huenda hayupo. Neno moja limemuuzia ulinzi usiokuwamo. Kwa hiyo nasema: hati ya deni iitwe hatifungani, na dhamana ibaki kwa yule anayedhamini kweli. Kama Serikali Kuu imedhamini hatifungani ya mji, isemwe hivyo. Kama haikudhamini, isemwe hivyo pia, kwa herufi zilezile. Hatifungani ni neno zuri. Hati inayofunga: inamfunga anayekopa kwa anayemkopesha. Mzee asiyepata kulisikia atalikisia.

La pili ni kuwekeza. Matangazo yanatuita "njoo uwekeze". Anayenunua hatifungani anakopesha. Kuwekeza ni mwavuli mpana unaofunika kununua shamba, kufungua duka, na kununua hisa. Kila moja lina hatari yake. Mkopeshaji ana maswali yake maalumu ambayo kila muuza duka wa mtaani anayajua: huyu anayekuja kukopa ana kipato gani, anadaiwa na nani mwingine, na nani atalipwa kwanza. Mwite mstaafu mkopeshaji, naye atayauliza maswali hayo. Mwite mwekezaji, naye atauliza faida tu.

La tatu ni riba. Wapo wanaoona neno hili chungu, hasa kwetu pwani ambako dini imelikataza jambo lenyewe, nao wanalipaka asali kwa kuliita faida au gawio. Gawio ni fungu la faida la mwenye hisa, lisilo na hakika. Riba ni ada ya kuazima fedha, nayo hulipwa mkopaji apate faida asipate. Ukimwita mbuzi kondoo, hajawa kondoo. Asiyetaka riba ana njia nyingine, nayo ni sukuk, ambako mwenye hati hushirikishwa katika mali au kodi ya mali kwa utaratibu unaokubalika kisheria za Kiislamu. Neno lenyewe ni wingi wa Kiarabu wa sakk, yaani hati. Kila kimoja kiitwe kwa jina lake ili Mwislamu aliye makini na asiye Mwislamu wajue wamenunua nini. Na hesabu ifanywe mbele yao. Asilimia 13.5 ya shilingi 1,000,000 ni shilingi 135,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10, ikiwa mtaji wote unarudishwa mwishoni, mkopaji atakuwa amelipa riba ya shilingi 1,350,000 na mtaji juu yake, jumla shilingi 2,350,000. Huo ni ugawaji na uzidishaji wa shule ya msingi. Diwani aliyefundishwa hesabu kwa Kiswahili darasani ataifanya mwenyewe, akapima kama bomba litakalojengwa lina thamani hiyo. Mara nyingi litakuwa nayo. Lakini apime.

La nne ni "waraka wa matarajio", jina linalotumika kwa kitabu kinachotolewa kabla ya kuuza hisa au hatifungani. Aliyelitunga alitazama asili ya neno la kigeni, hakuitazama kazi ya kitabu. Kitabu hiki kinatakiwa kumweleza mnunuzi hatari zote: ukame, ankara zisizolipwa, mabomba yanayovuja, kesi zilizoko mahakamani. Matarajio ni mambo mema tunayoyangojea. Kwa jina hilo tumeliita onyo kwa jina la ndoto. Mimi napendekeza waraka wa toleo, au kwa wanaotaka ukali zaidi, waraka wa ufichuzi. Mwenye jina bora alilete.

Mnaona basi kwamba kazi hii si ya wanasheria peke yao. Wakili anajua sharti linasema nini. Sisi tunajua neno linamfikiaje mtu. Tunajua mwenye kusikia "dhamana" ataona nini moyoni. Elimu hiyo hawakuipata chuoni kwao. Na sisi tuna chombo ambacho wao hawana, nacho ni shairi la mafunzo. Wazee wetu walifundisha kwa tungo dini, ndoa, kilimo na ubaharia. Jioni ile ya pili niliwatungia madiwani beti mbili, ili wasiofika kwenye kongamano wazipate bila karatasi:

Mji wahitaji maji, na mfukoni hauna,
Wenye akiba huhoji, yalipwa lini amana?
Hati ndiyo msemaji, kwa watu wasoonana,
Na lugha ya mlipaji, ndiyo yapasa kunena.

Deni lina siku yake, nayo hairudi nyuma,
Riba nayo zamu yake, miezi sita kukoma,
Mji una bomba lake, na kila tone lachuma,
Mama na madumu yake, ndiye alipaye hima.

Sizileti hapa kama mfano wa ushairi bora. Wapo humu watakaozirekebisha, na waziguse. Nazileta kwa sababu yaliyomo ndani yake ndiyo yaliyosemwa ukumbini kwa siku mbili: mkopaji, mkopeshaji, hati, kipindi cha riba, chanzo cha malipo, na mlipaji wa mwisho. Sehemu iliyobaki ni tarakimu na saini.

Kuna ndugu watakaosema kwamba wananchi wakielewa sana watakataa kukopa, na maendeleo yatasimama. Hii ndiyo hoja ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa kuwa husemwa kwa sauti ya huruma. Mwaka 2015 jiji la Dakar, Senegal, lilikuwa limemaliza matayarisho ya kuuza hatifungani yake, na serikali kuu ikaizuia dakika za mwisho. Matayarisho ya miaka kadhaa yalimwagika kwa uamuzi wa juu. Deni la mji linategemea watu wa aina nyingi kuliamini: serikali kuu, baraza, wenye akiba, na walipa ankara. Ambaye hakushirikishwa hana sababu ya kulitetea. Mwananchi aliyesoma sharti la bei ya maji akalikubali, siku bei inapopanda atanung'unika, lakini atajua kwa nini. Aliyefichwa ataona ameibiwa, na hatakuwa amekosea sana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba waliokula harusi na watakaokaa matanga ni watu walewale, na kwamba walialikwa kwa lugha wanayoijua.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kila hatifungani ya mji, wilaya, kaunti au mamlaka ya huduma iwe na waraka kamili kwa Kiswahili wenye nguvu sawa na wa Kiingereza, wala usiwe muhtasari wa kurasa nne unaoandikwa na mwalimu mstaafu kwa hisani. Pili, masharti makuu, likiwamo la bei ya huduma, yasomwe kwa sauti katika kikao cha wazi cha baraza kabla ya kupigiwa kura, na yaingie katika kumbukumbu za kikao kwa lugha hiyohiyo. Tatu, mabaraza na taasisi zetu za Kiswahili zikae meza moja na mawakili wa fani hii na kukubaliana istilahi chache, hamsini zatosha kuanzia, kila moja ikiwa na maana moja tu. Kongamano lijalo la mawakili hao lianze na kazi hiyo, na liifanye kwa Kiswahili tangu dua hadi kufunga.

Na ninyi humu, nawapa zoezi kama nilivyozoea. Chukueni sentensi hii: mkopaji anaahidi kwamba wakati wote hatifungani zikiwa hazijalipwa atapanga bei za huduma zitakazotosha gharama za uendeshaji, riba na marejesho ya mtaji. Iandikeni upya iwe fupi zaidi, isipoteze sharti hata moja, na aielewe mtu anayesubiri maji bombani saa kumi na moja alfajiri. Kwa nathari au kwa tungo, mtakavyopenda. Zitakazofaa nitawapelekea madiwani wale, ambao baraza lao bado halijapiga kura.

Anayepinga na apinge kwa hoja. Wasalaam.